Kunyamaza kwa Amiri Wetu

Mtu akiniuliza Amiri alikuwa mtu wa namna gani, humjibu kwamba alikuwa mwoga. Jibu hilo halipendwi. Waliosafiri naye wanamkumbuka mtu mtulivu, sauti ya chini, mwendo wa pole, mtu ambaye hata jengo likiwaka moto angeuliza kwanza viatu vyake viko wapi. Ni kweli walimwona hivyo. Mimi nilimwona jikoni.

Miaka hiyo watu wetu walikuwa wanamiminika Guangzhou. Mimi nilikwisha choka kubeba mikoba ya biashara, magoti yamekataa, nikapanga nyumba ghorofa ya tisa kule Sanyuanli, nikawa napikia wafanyabiashara wa Dar na Unguja. Chini yetu ofisi za mizigo, pembeni jengo jipya linapanda mchana kutwa, vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria. Unafunika wali, unafunua, unafunika tena. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na sisemi yalikuwa mabaya. Yalikuwa yanachosha.

Desturi yetu Waislamu, watu wakisafiri pamoja humchagua mmoja wao awe amiri wa safari. Kwetu kazi hiyo ni nyepesi: kuulizia nauli, kuwakumbusha watu sala. Guangzhou ilikuwa mzigo. Amiri ndiye anayekwenda polisi mtu akikamatwa viza imekwisha. Ndiye anayempeleka mgonjwa hospitali. Ndiye anayegombana na laobani, ndivyo tulivyowaita mabosi wa viwanda, bawaba zikitoka zimepinda. Na kubwa kuliko yote, ndiye anayesimama ghalani siku ya kupakia kontena la kuchangia, aseme mzigo wa nani unaingia na wa nani unabaki. Mzigo ukibaki, mwenyewe amekosa msimu, na ukiukosa msimu unarudi nyumbani mikono mitupu, watoto wanakuangalia.

Yeye alikuwa anauza vitasa vya milango. Mara ya kwanza walimchagua kwa sababu alijua Kichina kidogo. Mara ya pili walimchagua kwa sababu walimchagua mara ya kwanza. Baada ya hapo hapakuwa na sababu tena. Ikawa ni Amiri tu, hata jina lake watu walilisahau.

Na moyo wake ulikuwa unamwua. Hili nalisema mapema kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Alianguka mara moja kwenye ngazi zangu, tukampeleka hospitali na binti mmoja wa Moshi, Mkristo, aliyekuwa anasomea udaktari pale kwa ufadhili, atutafsirie. Daktari alimpima, akapima tena, akaongea kwa kirefu. Binti akatufupishia.

"Mzee, anasema presha iko juu sana. Dawa utakunywa, lakini ukiendelea na kazi hii moyo hautavumilia. Anasema upunguze mawazo."

"Muulize yanapunguziwa duka gani," Amiri akasema.

Binti alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimemshika mkono na mkono ulikuwa unatetemeka kama wa mtu aliyetolewa majini.

Mke wake naye, kutoka nyumbani, alikuwa akipiga simu na kusema neno moja tu kila mara: iache kazi hiyo, uje hai. Amiri akimjibu ndiyo. Halafu msimu ukija, anakuwa amiri tena.

Watu husema mwoga hawezi kuongoza. Mimi sikusoma, nimeishia darasa la nne, lakini nimepikia viongozi wengi, na wasioogopa kitu ndio waliopoteza mali za watu. Amiri aliogopa kila kitu, na alijitengenezea njia za kuishi na hofu hiyo kama mtu anavyoishi na mpangaji asiyetoka.

Simu ikilia hakuipokea ikiwa mkononi. Aliiweka mezani, akakaa, akanywa maji, ndipo akaichukua. Akipokea, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Umeona au umesikia?" Watu wakipiga wanahema, fulani kakamatwa, ghala limefungwa, meli imezuiwa, yeye anauliza umeona au umesikia. Mara nyingi mtu alikuwa amesikia. Alikuwa na msemo kwamba habari mbaya haiji peke yake, inakuja na jamaa zake wa uongo, basi watoe hao kwanza mlangoni ndipo umkaribishe mwenyewe. Siku moja mtu alimpigia kwamba polisi wamezingira jengo zima la nguo Zhanqian Road. Amiri akauliza swali lake. Ikaonekana polisi ni wawili, na wamekwenda kununua suruali.

Hakutoa jibu zito akiwa amesimama. Hakutoa jibu zito akiwa na njaa. "Tumbo tupu halina rai, lina ugomvi," alikuwa akisema, na kabla ya kwenda kwa laobani yeyote alipita kwangu kula, hata kama ni saa tatu asubuhi na mimi sijawasha jiko. Kule kiwandani, laobani akipiga meza na kusema "mei you, mei you," yaani hakuna, hakuna, hakuna kubadilisha mzigo, Amiri alikuwa anamwangalia kwa upole na kuomba chai. Niliambiwa laobani mmoja alimwogopa kuliko wanaofoka. Laiti angejua.

Alikuwa na kitasa kimoja cha sampuli. Kabla ya mkutano wowote alikuja mezani kwangu, akaomba sinia, akakifungua kitasa kile chote, skrubu, pini, springi ndogo ndogo, akazipanga, kisha akakirudisha kama kilivyokuwa. Akimaliza, mikono imetulia. Mara moja springi iliruka ikapotea. Tulitafuta chini ya meza, chini ya jiko, hatukuiona. Mchana ule mteja mmoja aliiuma kwenye pilau, akaitoa kinywani akaitazama.

"Bi Mkubwa, huu ni mdalasini gani?"

"Wa China," nikamwambia. "Kula."

Lifti hakupanda. Ghorofa tisa kwa miguu, akifika anasema ni mazoezi. Watu wakamsifu, baadhi yao wakaanza kupanda ngazi na wao ili wawe na afya kama ya Amiri. Mimi nilijua kwamba milango ile ikijifunga alikuwa anaona kaburi.

Lakini siku ya kupakia ndiyo iliyomtesa kuliko zote. Msimu mmoja ilibaki nafasi mlangoni mwa kontena, ya mtu mmoja, na waliobaki ni wawili. Mmoja ni mwanamke wa Kariakoo aliyekuwa anakusanya jinzi Zhanqian Road, tulimwita Mama Jinzi, mwenye sauti ya kuvunja kikombe. Wa pili ni bwana wa Unguja aliyeuza maua ya plastiki, tukamwita Bwana Maua.

"Maua yako mepesi, yataelea yenyewe mpaka Malindi kwenu Unguja," Mama Jinzi akasema.

"Na jinzi zako zikibaki zitaoza?"

"Bwana, wewe unauza maua yasiyonuka. Kuoza utakujulia wapi?"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Amiri. Akaenda pembeni, akachukua ufagio, akaanza kufagia ghala. Alifagia kutoka mlangoni mpaka ukutani, watu wamesimama na mizigo yao. Mlinzi wa pale, Mchina mtu mzima, akadhani ni mfanyakazi mpya, akamwonyesha kwa kidole na kule nyuma ya maboksi. Amiri akaenda akafagia na kule. Aliporudi akasema nusu jinzi, nusu maua, na kila mmoja achague mwenyewe cha kuacha. Wote wawili walikasirika sawasawa, naye akasema hiyo ndiyo dalili kwamba hukumu imekaa sawa.

Baadaye, mezani kwangu, alinieleza. "Nilikuwa sioni, Bi Mkubwa. Macho yamejaa nyota. Nimefagia mpaka nikaiona sakafu."

Nimelifikiria sana neno hilo. Wangapi wanahukumu watu na macho yao yana nyota, na hawatafuti hata ufagio.

Sasa niseme na yasiyopendeza, maana mtu akisifiwa tupu anakuwa sanamu. Utulivu ule ulikuwa na gharama, na wengine tuliilipa. Kwa kundi hakupaza sauti hata siku moja. Kwangu alirudisha chakula. Chumvi imezidi. Wali mbichi. Samaki ana mchanga. Nilivumilia, nikidhani labda ninazeeka mkono. Siku moja akarudisha maharage ambayo watu wote wamekula wakalamba sahani. Nikayarudisha mbele yake.

"Amiri, chumvi haijazidi. Aliyekuudhi hayumo humu. Nenda ukaseme naye, au kula."

Alivuta sahani. Kisha akala, machozi yanamtoka, na mimi nikaendelea kuosha vyombo kama sikuona. Kuanzia siku hiyo alikuwa akifika mlangoni anasema, "Bi Mkubwa, leo nimekuja na hasira za mtu mwingine," nami namwambia aziache kwenye viatu. Hatukurudia tena mambo ya chumvi. Nadhani jambo lile lilimsaidia kuliko dawa, lakini ni mimi nisemaye.

Ubaya wa pili ni kwamba aliwadekeza. Kila kitu akisema "mambo sawa, nitaangalia," hata pasipokuwa na usawa wowote. Basi watu wakaacha kufikiri. Mtu yuko Zhanqian Road, anampigia simu kuuliza kama Zhanqian Road mvua inanyesha. Watu wazima, wenye wake na maduka. Walijipumzisha juu yake kama mtu anavyoweka mzigo juu ya ukuta, na ukuta hausemi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na mtego alijitegea mwenyewe.

Mwanzo wa kila msimu wa maonyesho ya biashara, mara mbili kwa mwaka, walikusanyika chumbani kwangu baada ya sala ya Ijumaa kumchagua amiri. Bwana Maua ndiye aliyekuwa akifungua kikao. Anasema maneno mazuri ya dini, kisha anauliza, "Jamani, tuna haja ya kutafuta mbali?" Macho yote kwa Amiri. Na Amiri, kwa ile kawaida yake ya kutojibu mpaka moyo utulie, ananyamaza. Anatafuta pumzi. Bwana Maua anasubiri kidogo tu, anasema, "Kunyamaza ni kuridhia. Al-Fatiha." Mikono juu, Fatiha imesomwa, imekwisha. Baada ya Fatiha nani atasema hakukubali? Ni sawa na bibi harusi aliyeulizwa akainama, posa imepita. Kisha wanageukia pilau yangu.

Nililiona hilo msimu baada ya msimu. Baada ya lile anguko kwenye ngazi nikamwuliza kwa nini anakubali.

"Sikubali. Nanyamaza nisianguke. Nikitulia niseme hapana, wao wamekwisha kusema amina."

"Basi sema kabla hujatulia."

"Nitatetemeka mbele yao."

"Tetemeka. Nani kakwambia hapana inataka mtu mtulivu?"

Alikwenda zake, nikasikia viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini. Sikuwa na tumaini. Njia alizojifunza za kujizuia zilimwokoa mara nyingi, na mtu haachi kirahisi kitu kilichomwokoa, hata kikianza kumkaba.

Msimu uliofuata wakakusanyika. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jiko na mwiko mkononi. Bwana Maua akasema maneno yake ya dini, akauliza kama tuna haja ya kutafuta mbali. Amiri alikuwa amekaa mkekani. Niliona kifua kikipanda. Bwana Maua akaanza kuinua mikono.

"Hapana," Amiri akasema.

Sauti ilitoka vibaya, nyembamba, kama ya mtu aliyepaliwa. Watu wakageuka. Mtu mmoja akampelekea maji, akidhani ni homa.

"Shusheni mikono. Sitaki. Sijapata kutaka." Mikono yake ilikuwa inatetemeka na hakuificha, aliiweka pale magotini watu waione. "Naogopa lifti. Naogopa simu. Siku ya kupakia nataka kutapika. Moyo wangu mgonjwa na daktari kaniambia. Nimewaficha nyinyi, na nyie mmenisomea Fatiha kila mwaka mara mbili."

Bwana Maua akakohoa.

"Lakini Amiri, wewe ndiye mtulivu wetu."

"Hicho ulichokiona ni mtu anayejizuia."

"Sasa nani atashika?"

Ndipo nilipoogopa mimi. Kila mtu akatazama mkeka. Kimya kikawa kirefu, na nilimjua yule mtu, kimya kama kile alikuwa akikijaza kwa mgongo wake. Alifungua mdomo. Nikapiga mwiko kwenye sufuria, si kwa nguvu, akanitazama, akaufunga. Akaiweka mikono chini ya mapaja yake akaikalia.

Pilau ikapoa. Mwishowe Mama Jinzi akasema, "Basi lete hapa. Mnatazama mkeka mmeudondoshea nini?"

Wakaguna. Mwanamke kuwa amiri, sauti ile, Mungu atuhifadhi. Bwana Maua akaanza kueleza mambo ya dini, Mama Jinzi akamwuliza kama dini hiyo inajua kwenda polisi saa hizi, maana yupo mtu amekamatwa tangu juzi na hajaendewa. Fatiha ilisomwa, wengine kwa mdomo tu. Walikula pilau baridi na sikuipasha.

Sitasema mambo yalinyooka. Msimu ule wa kwanza yalikwenda ovyo. Mama Jinzi alifoka, watu watatu wakajitenga na kutafuta kontena lao, mzigo wa mtu mmoja ukaachwa na mwenye mzigo akalia hadharani. Amiri aliyaona yote. Alikuwa anakuja kwangu, anakaa, anafungua kitasa chake na kukifunga, na kusema, "Ningekwenda mimi yasingefika hapa." Nami nasema, "Ndiyo, yasingefika. Na wewe usingekuwepo hapa kula." Tulikuwa hatuna zaidi ya hapo. Kuacha nako kunachosha. Watu hawakwambii hilo.

Kisha alirudi nyumbani kwa mkewe, akakaa misimu kadhaa, sikumwona. Mimi nikaendelea kupika.

Mara ya mwisho nilimwona Pazhou, kwenye kumbi zile kubwa za maonyesho. Mama Jinzi alikuwa ameniagiza niwapelekee watu chakula, nami nikashuka na treni ya chini na vyombo vyangu, magoti yakilalamika kila ngazi. Kundi lilikuwa nje, jua kali, wanangoja basi dogo walilokodi kwenda kiwandani. Palikuwa na ugomvi. Basi limeleta viti pungufu, wengine wamekwisha ingia, wengine wanavutana mlangoni. Na yeye amekaa pembeni juu ya ndoo iliyofunikwa, mwembamba kidogo, ndevu zimekuwa nyeupe, kofia imeegemea sikio. Nikampa sahani yake.

"Umekuja kwa biashara?"

"Kwa vitasa tu, Bi Mkubwa. Mke wangu kaniruhusu kwa masharti."

"Umepona?"

Alitafuna kwanza. "Bado. Asubuhi hii kwenye ndege nilidhani nakufa. Lakini sasa naogopa ya kwangu tu. Ni machache, unaweza kuyabeba."

Wale wa mlangoni wakamtazama. Walikuwa wanamtazama kwa mazoea, kama mtu anavyopapasa ukuta mahali palipokuwa na swichi. Bwana Maua akamwita kabisa. "Mzee, hebu toa busara hapa, nani ashuke?"

Aliinua uso. Nilingoja. Akasema, "Mwulizeni amiri," akarudi kwenye maharage.

Mama Jinzi akaja, orodha ya watu ameihifadhi kichwani, jasho linamtiririka, akashusha wawili, akapandisha mmoja, akamfokea dereva kwa Kichina chake cha sokoni, kisha akatugeukia.

"Na wewe mzee wa vitasa, unangoja upigiwe tarumbeta? Kiti chako kile cha nyuma. Twende."

"Nimeitwa," akaniambia. Akanirudishia sahani, akaniaga kwa mikono miwili, akapanda.

Mlango ulifungwa. Ndani walikuwa bado wanabishana, nilikuwa naona vidole vikipanda na kushuka, na Mama Jinzi amesimama katikati. Nilimtafuta kwenye dirisha la nyuma. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, kofia imeangukia pua, amelala usingizi kabla basi halijaondoka.